Bingwa wa Historia na Mwamba wa Kogo Lenah

Jumanne, 5 Agosti 2025. Kericho mjini.

Nimepata! Si matangi ya maji tena. Si sungura tena (Maxine, mke wangu, ameniomba nisitaje sungura wakati wa kula). Historia! Imelala hapa Kericho na Bomet bure, hailishwi, haifi kwa baridi, na hakuna anayeiuza.

Jambo lenyewe ni hili. Kuna kikundi cha walimu wastaafu kutoka Thika. Kiongozi wao ni Madam Phyllis. Jumamosi wanakuja kuona nchi ya chai. Gibson Orina, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, alikuwa ameshawaahidi kuwatembeza kiwandani. Gibson ana van nyeupe na kofia iliyoshonwa jina lake. Basi. Hana kingine. Nikampigia Madam Phyllis nikamwambia kiwanda ni mashine tu, mashine ziko hata Thika. Mimi nitawapeleka mahali pa siri. Mahali historia yenyewe ilipotokea! Akauliza ni wapi. Nikasema hiyo ndiyo siri. Akacheka, akasema sawa, wataanza na mimi, wakichoka watampigia Gibson.

Hawatachoka. Nimeshatengeneza tangazo: CLIFFORD OUKO, BINGWA WA HISTORIA. Picha yangu nikiwa nimeshika kidevu.

Shida ni moja. Sijui historia yoyote. Kweli nimezaliwa hapa, kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la chai, lakini baba alitoka huko ziwani kuja kuchuma majani, na nyumbani kwetu historia ilikuwa ni nani aliazima sufuria asirudishe.

Hapo ndipo anaingia Kipruto. Rafiki yangu tangu sekondari. Anafuga ng'ombe wa maziwa karibu na Kaplong na ana Probox inayonuka maziwa. Wiki hii anamchukua nyanya yake, Kogo Lenah (kwao kogo ni nyanya), kutoka Kipkelion kwa binti yake. Mama huyo macho yanamwingia ukungu. Anataka aone mahali baba yake alikuwa na boma zamani, kabla macho hayajafunga kabisa. Mahali penyewe hakuna anayepajua. Pamemezwa na chai.

Nikamwambia Kipruto nitawasindikiza, nimsaidie Kogo kubeba mkoba. Akauliza kama kuna kingine. Nikasema hakuna. Rafiki gani huyu asiyeamini rafiki?

Nimenunua koti la kitalii lisilo na mikono. Mifuko mingi ajabu.


Jumatano, 6 Agosti. Tumelala kwa Kipruto, Kaplong.

Asubuhi Kipkelion. Baridi, ukungu, mahindi yamesimama pande zote. Nikamwomba Kipruto tupitie stesheni ya zamani ya reli nipigwe picha. Nikasimama karibu na reli, mkono kiunoni. Akina mama wawili waliokuwa wakipita na mitungi ya maziwa wakasimama kutazama. Nikaona ni nafasi ya kufanya mazoezi. Nikawaeleza kwamba hapa ndipo malkia wa Uingereza alishuka akanywa chai ya kwanza ya Kericho. Mmoja akauliza malkia yupi. Nikasema yule wa zamani. Akauliza kama alikuja kabla chai haijapandwa ama baadaye. Nikasema tuna haraka.

Kipruto aliuliza garini nimeyatoa wapi hayo. Utafiti, nikasema. Hakujibu. Kipruto akinyamaza huwa anaendesha polepole zaidi.

Kogo Lenah tulimkuta amekaa tayari nje ya nyumba ya binti yake, kitambaa cheupe kichwani, mkoba magotini. Mwembamba, mgongo umenyooka. Nikamsalimia chamgei kwa sauti kubwa kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Akajibu pole pole kwamba masikio yake hayana shida, ni macho. Nikakaa naye kiti cha nyuma.

Njiani Kipruto akanieleza mambo ambayo, lazima niseme, ni mazuri mno kwa tangazo. Baba ya Kogo alikuwa wa ukoo wa Talai. Wakoloni waliuogopa ukoo huo, walisema viongozi wake wanawachochea watu. Miaka ya thelathini wakauhamisha ukoo mzima, wazee, wake, watoto, hadi Gwassi, kule kando ya ziwa. Kogo alizaliwa huko huko. Walirudi karibu na Uhuru, yeye akiwa msichana mkubwa. Baba hakurudi. Alizikwa kule.

Gwassi! Ni kwetu kabisa! Nyumbani kwa babu yangu! Simu ikalia, Maxine. Nikamweleza kila kitu kwa Kijaluo, kwa kuwa Kogo alikuwa ubavuni pangu na sikutaka asikie. Nikasema mali yenyewe imekaa hapa kando yangu, imeshika mkoba. Nikasema ni bibi mzee hajui lolote, nitamchekesha kidogo, nitarekodi hadithi yake kwa simu bila yeye kujua, na Jumamosi nitawasimulia walimu kama vile niliichimbua mwenyewe. Maxine akauliza kama hiyo ni haki. Nikamwambia biashara ina lugha yake.

Kogo alikuwa akitazama chai dirishani. Sura imetulia. Nikafikiri, maskini, hata hajui anazungumziwa.

Karibu na Kaplong mvua ikatushika kwenye barabara ya udongo. Probox ikazama. Nikasukuma, Kipruto akakanyaga mafuta, na matope yote yaliyokuwa chini ya gurudumu yakahamia mifukoni mwangu. Kogo alishusha kioo akaniambia nisukume kutoka upande mwingine. Nikahamia upande mwingine. Gari likatoka mara moja. Sijui aliona nini na macho hayo.


Alhamisi, 7 Agosti. Kaplong.

Nataka kuandika haya haraka kabla aibu haijapoa.

Kiamsha kinywa. Janeffer, mke wa Kipruto, ameweka chai, viazi vitamu na mursik, maziwa yao ya mgando, kwenye kibuyu. Kipruto yuko zizini. Mimi na Kogo mezani. Simu yangu nimeiweka chini ya kitambaa cha meza, inarekodi. Natabasamu.

Kogo akanyoosha mkono, akasema, "Nyathina, miya sukari."

Mtoto wangu, nipe sukari. Kwa Kijaluo! Si Kijaluo cha kuokoteza sokoni. Kile cha Gwassi, kinachovutwa mwishoni, cha bibi yangu mzaa baba!

Nikampa sukari. Nikampa pia chumvi na kijiko changu.

Akakoroga chai. "Awinjo," akasema. Nasikia. Kisha akaongeza, bila kuinua macho, kwamba hata jana alisikia.

Kiazi kilikuwa mdomoni na sikuweza kukimeza wala kukitoa. Nikaanza kusema kwamba neno mali kwetu ni neno la heshima. Akaniambia nimeze kwanza.

Halafu akacheka. Alicheka mpaka kitambaa kikateleza kichwani. Janeffer akatoka jikoni akidhani ni kikohozi. Kogo akamwambia kwa Kikipsigis jambo lililomfanya Janeffer anitazame asubuhi yote.

Nilingoja anifukuze. Hakunifukuza. Akauliza watu wetu ni wa wapi huko Gwassi. Nikamtajia. Akataja mlima, akataja ufuo, akataja mama mmoja Mjaluo aliyekuwa jirani yao, jina lake Jerusa. Akaniambia baba yake na wenzake walifika kule na ng'ombe, na ng'ombe wakaanza kufa kwa ndorobo mmoja mmoja. Joto. Homa. Watoto wadogo walizikwa wengi. Watu wa milimani hawakujua kula samaki, waliona ni kama nyoka. Huyo Jerusa alikuwa akija jioni na omena, anaketi nao, anakula yeye kwanza ili watoto waone hafi. Kogo ndiye alikuwa wa kwanza kuonja.

"Mpaka leo napenda," akasema. "Huyu Janeffer hataki nipike. Anasema nyumba inanuka."

Janeffer akasema kutoka jikoni kwamba ni kweli inanuka.

Nikamuuliza, sasa nikiuliza kweli, bila kufikiria tangazo, baba yake alikuwa akipasimulia vipi huko nyumbani alikotolewa. Akasema kila jioni baba aliwaketisha akawaelekeza njia ya kwenda nyumbani. Kama vile wangeamka kesho waende. Mto unashuka, halafu unapinda kama mtu aliyeitwa akageuka. Juu ya mpindo huo kuna mwamba mpana. Baba na ndugu zake walinolea visu na mikuki pale mpaka mwamba ukaingia mitaro. Boma liko nyuma ya mwamba. Ukisimama langoni asubuhi, jua linakupiga shavu la kulia. Watoto walitakiwa waseme bila kukosea. Aliyekosea alirudia.

Akayasema yote, taratibu, macho kafunga. Hakukosea.

Nilisahau kabisa kwamba simu inarekodi. Nilipokumbuka, ilikuwa imeshika kila neno, safi kabisa.

Sijafuta. Nitafikiria.


Ijumaa, 8 Agosti. Kericho, nyumbani.

Leo sina uhakika naanzia wapi.

Tulifika geti la shamba la chai asubuhi, upande ambao Kipruto alikisia kutokana na mto na jua. Askari wa getini alikuwa mzee mrefu, Okoth. Kabla Kipruto hajafungua mdomo nilishuka. Nikamwambia Okoth sisi ni wakaguzi wa turathi kutoka Nairobi, na mama aliye garini ni mkaguzi mkuu. Akaomba kitambulisho cha kazi. Nikaanza kupapasa mifuko. Mfuko wa kwanza, matope. Wa pili, biskuti. Wa tatu, matope na biskuti. Okoth akaniambia kwa upole nirudishe gari nyuma, naziba njia ya trekta.

Nikasikia mlango ukifunguka. Kogo akashuka akishika mkono wa Kipruto, akaenda mpaka kwa Okoth, akamsalimia kwa Kijaluo. Okoth akavua kofia bila kujua amevua.

"Mimi nilizaliwa Gwassi," Kogo akamwambia. "Baba yangu alizaliwa hapo." Akaelekeza kidole ndani ya geti, kwenye chai. "Nataka nione tu. Sichumi hata jani moja."

Okoth akaivaa tena kofia. Kisha akaingia kibandani akapiga simu kwa msimamizi wake. Alizungumza kwa muda mrefu, mara akigeuka kumtazama Kogo. Alipotoka alisema tumeruhusiwa mpaka mtoni, na yeye mwenyewe atatembea nasi.

Tulitembea. Chai ni chai. Kila kilima kama kilichotangulia, kijani kimekatwa sawa kama nywele za mwanafunzi. Mto tuliuona, lakini mto unapinda mara nyingi. Kila mpindo Kogo alisimama akauliza kama kuna mwamba juu. Hapana. Mpindo mwingine. Hapana. Akaanza kuchoka. Alikuwa akijikwaa na kusema hajajikwaa. Kipruto aliniambia pembeni kwamba huenda mwamba ulivunjwa zamani kutengeneza barabara, na hajui atamwambiaje.

Mimi nilikuwa nimesimama nafuta kiatu kwenye nyasi. Nikainua macho. Mikaratusi mitatu kwenye mstari, mmoja umevunjika shingo. Chini yake misingi ya nyumba zilizobomolewa.

Nikajua nilipo.

Ile ilikuwa kambi yetu! Sikuwahi kuingia kwa upande huu, sisi tulikuwa tukitumia geti la juu, na nyumba zetu hazipo tena. Lakini ile ni mikaratusi yetu. Na chini yake, juu kidogo ya mpindo wa mto, kuna mwamba mpana. Mama yangu alikuwa akifulia nguo pale. Mitaro yake tulikuwa tukiingiza vidole tukiwa watoto. Tuliambizana ni chui alikwaruza.

Nikapiga kelele. Sijui nilisema nini. Nikakimbia katikati ya chai, Okoth akiniita nisikanyage, nikateleza, nikaamka, nikafika. Upo! Vumbi la miaka, kuvu, majani makavu, lakini upo. Nikapangusa kwa koti langu. Mitaro ikatokea, mirefu, laini, imelala pamoja.

Wakamleta Kogo polepole. Akapiga magoti. Akaweka kiganja juu ya mwamba, akatafuta kwa vidole mpaka akaupata mtaro wa kwanza, akaufuata mpaka mwisho. Kisha wa pili. Hakulia. Alisema majina. Kipruto aliniambia baadaye ni majina ya ndugu za baba yake. Kila mtaro, jina.

Baadaye akasimama, akageuka, akatafuta jua kwa uso. Likampiga shavu la kulia.

Okoth alikuwa ametazama upande mwingine, anaangalia chai ambayo haikuwa na shida yoyote.

Nikamwambia Kogo kwamba mimi nilizaliwa pale, nikaelekeza misingi. Nikamwambia kuhusu mama na nguo. Nilidhani atachukia. Mama yangu kutandaza mashuka juu ya visu vya baba yake! Akaniuliza kama mama alikuwa akiimba akifua. Nikasema ndiyo, sana. Akatikisa kichwa kama mtu anayepokea salamu.

"Mimi nilizaliwa kwenu," akasema, "na wewe ukazaliwa kwetu. Sasa nani amkaribishe mwenzake?"

Nikampangusia mahali pa kukaa kwa kiganja. Mimi! Bingwa!

Akakaa juu ya mwamba, akanielekezea kidole kifuani, kwenye mfuko wa simu. "Hiyo izime. Na ile ya jana, ifute."

Nikafuta mbele yake. Kipruto aliangalia kioo cha simu kuhakikisha, jambo ambalo halikuwa lazima.

Kisha Kogo akaniambia neno moja tu la masharti. Nisilete watu wa kupiga picha pale. Baba yake si mnyama wa mbugani. Hadithi hii ataitoa mwenyewe, kwa mtu atakayekaa mbele yake. Nikaapa. Niliapa kwa Kijaluo, ili iwe na uzito.

Maxine amenikuta jioni nimekaa tu barazani. Ameuliza kama ni homa. Nimemwambia mama alifulia nguo juu ya boma la watu na hakuna aliyejua. Ameketi kando yangu. Koti ameliloweka.


Jumamosi, 9 Agosti. Jioni.

Kiapo ni kiapo. Lakini walimu wa Thika nao walikuwa njiani.

Nilifikiria asubuhi yote. Niliapa kutopeleka mtu kwenye ule mwamba. Hakuna aliyesema chochote kuhusu mwamba mwingine! Nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kwenye kijisoko nje kidogo ya mji, kuna jiwe kubwa nililoliona mara nyingi nikipita. Limekaa vizuri. Lina sura ya kihistoria.

Nikawapeleka pale. Madam Phyllis mbele, mwanamke mfupi mwenye miwani na sauti ya kuamrisha gwaride. Nikawasimulia kuhusu jiwe. Nikasema wazee walinolea mikuki hapa. Sikutaja ukoo, sikutaja jina, sikutaja Gwassi. Nikatia mapigano kidogo. Nikatia chui. Mwalimu mmoja mstaafu wa jiografia akainama, akalikwaruza kwa ufunguo, akauliza mbona lina alama za baruti.

Wakati huo mwenye duka akatoka. Anaitwa Dorine. Akauliza kama tumekuja kuchukua jiwe lile, maana tangu lori lilimwage pale mwaka jana amekuwa akitafuta mtu wa kulibeba. Liliachwa na watu wa kutengeneza barabara. Linamzibia mlango wa nyuma.

Kisha walimu wakacheka. Walimu wastaafu wakicheka hucheka kama darasa.

Na ni nani akapita barabarani saa hiyo hiyo? Van nyeupe. Gibson. Akashusha kioo, akagusa kofia. Akasema kwa adabu kabisa, adabu ya kuudhi, kwamba kiwandani leo wanaonjesha chai, na kuna vyoo safi. Neno vyoo ndilo lililonimaliza. Wakapanda wote.

Madam Phyllis alibaki nyuma kidogo. Akaniuliza polepole kama kuna mahali pa kweli. Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema ndiyo nikampeleka, ni mwendo mfupi tu, na Gibson angebaki na kofia yake. Nilihisi neno limefika kwenye meno.

Nikasema pako. Nikasema si pangu kuonyesha.

Akanitazama juu ya miwani. Akasema hilo ndilo jambo la kwanza la kweli alilosikia kwangu leo, akanipa mkono, akaenda kupanda van.

Nilikaa juu ya jiwe la Dorine. Alinipa soda. Nilijisikia ajabu, kama mtu aliyeshinda mashindano ambayo hakuna aliyetangaza.

Kipruto akapita na Probox, Kogo kiti cha mbele. Walikuwa wanaelekea Soin, kule chini bondeni. Kogo alitaka kushuka kwenye joto. Nikaingia nyuma. Barabara ikashuka, chai ikaisha, hewa ikawa nzito, miti ikawa mifupi ya miiba. Tulisimama mahali palipo wazi. Chini kule, bonde lote la tambarare, na mbali kabisa kitu cheupe kinang'aa. Kipruto alisema ni ziwa. Mimi nilidhani ni mabati. Kogo hakuliona, macho yake hayafiki. Lakini alivuta hewa puani, muda mrefu, kitambaa kikipepea.

Akasema baba yake alikuwa akielekeza njia ya kuja huku. Yeye sasa, usingizini, anaelekeza njia ya kwenda kule. Kaburi la baba liko Gwassi na hajalifikia tangu waliporudi. Akataka kujua kama mimi naifahamu njia. Nikasema naifahamu. Akasema basi, mvua zikiisha, nimpeleke, mimi na Kipruto, sisi watatu tu. Akaniita tena nyathina.

Kipruto alifuta kioo cha gari ambacho kilikuwa safi.

Nimerudi nyumbani nimebadilika. Nimemwambia Maxine. Mtu anaweza kubadilika, nimemwambia, hata akiwa na umri huu. Kuna vitu visivyouzwa. Nimeviona kwa macho yangu na nimevipangusa kwa koti langu.


Jumapili, 10 Agosti. Baada ya kanisa.

Mahubiri yalikuwa marefu na yalinipa nafasi ya kufikiri.

Gwassi ni mbali. Probox ya Kipruto haiwezi mlima ule. Kogo anastahili gari zuri, lenye viti vya kulala. Gari zuri lina viti vingi. Viti vitupu ni hasara, na hasara ni dhambi, ingawa mchungaji hakusema hivyo moja kwa moja.

Nimempigia Madam Phyllis kumpa pole kwa habari ya jiwe. Tumezungumza vizuri. Nimemwambia kuna safari ya kweli kabisa inakuja, ziwani, yenye shahidi aliye hai. Ameuliza kama shahidi mwenyewe amekubali. Nimesema tuko kwenye hatua za mwisho.

Maxine alikuwa mlangoni. Ameuliza niliapa nini juzi pale mtoni. Nimemweleza taratibu, maana mambo ya sheria yanataka utaratibu. Niliapa kuhusu mwamba. Mwamba uko Kericho. Kuhusu Gwassi hakuna aliyeniapisha.

Tangazo limetoka zuri. TURUDI GWASSI PAMOJA NA KOGO LENAH. Nafasi chache. Nimemwachia Kogo kiti cha mbele, karibu na dirisha, bila malipo yoyote.

Itabidi nimwambie.